Maswali yenu: picha ya jua haina makali, nianze kukagua wapi?

Safari hii barua nyingi ni za jua, na ukizisoma zote utaona watu wanalalamikia kitu kilekile, picha imetoka laini, haina makali, na karibu kila mtu ameshajiamulia kwamba tatizo ni udogo wa darubini, sasa anataka kununua kubwa zaidi. Naomba kabla hujatoa hela usome hapa kwanza, manake mara nyingi kifaa ulichonacho kina uwezo kuliko picha unazopata, ila hakijapimwa kipande kwa kipande. Na unapopima, gusa kitu kimoja tu kwa wakati, kingine chote kiache kilivyo, la sivyo picha ikibadilika hutajua nini kimeibadilisha.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina darubini ya lenzi ya milimita 80, filta nimeitengeneza mwenyewe kwa ile karatasi ya jua inayong'aa nikaibana kwenye fremu ya kadibodi. Sasa karatasi imejikunjakunja haijanyooka, je ndo inaniharibia picha? Halafu ina mwaka mzima, nitajuaje kama bado ni salama?

Jibu: Marahaba. Mikunjo isikuumize kichwa hata kidogo. Karatasi ile ni nyembamba mno na inatakiwa ikae imelegea, ukiivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma hapo ndo unaiharibu, kwa sababu mvutano unapindisha mwanga unaopita na picha inapoteza makali. Iache ilegee.

Kwenye usalama ndo nataka utulie unisome vizuri. Kila siku kabla hujaifunga kwenye darubini ingia nayo chumba chenye giza, washa tochi kali nyuma yake, zungusha taratibu ukikagua kila sehemu. Kitundu kimoja kidogo kama ncha ya sindano kinapunguza tu kontrasti ya picha, unaweza kukiziba kwa nukta ya rangi nyeusi ukaendelea. Lakini ukiona mchaniko, au mkwaruzo mrefu unaopitisha mwanga, au vitundu vingi vimesambaa, au ule mng'ao umeanza kubanduka, tupa, usiihurumie. Na usiifute na kitambaa, vumbi lipulize tu kwa kipulizio cha mkono.

Kagua pia ni karatasi ya aina gani. Ya kutazama kwa macho imeandikwa 5, maana yake inapitisha sehemu moja kati ya 100,000 ya mwanga. Ipo nyingine imeandikwa 3.8, hiyo ni ya kamera tu, inapitisha mwanga kama mara 16 zaidi, faida yake unapata eksposha (muda wa kamera kupokea mwanga) fupi sana, ila jicho halitakiwi kusogea hapo kabisa. Kama huna uhakika uliyonayo ni ipi basi usiweke jicho.

Fremu yako ya kadibodi ibane na gundi ya karatasi pande tatu au nne ili upepo usiing'oe, na kile kidarubini kidogo cha kulengea kitoe kabisa, au kizibe mbele na nyuma. Filta inakaa MBELE ya darubini siku zote. Zile filta ndogo nyeusi za kuskrubu kwenye lenzi ya jicho zinakaa mahali joto lote limekusanyika, zinaweza kupasuka ghafla wakati unatazama, kama unayo iharibu asije akaitumia mtu mwingine. Na miwani ya kupatwa kwa jua haifanyi kazi na darubini, mwanga ukishakusanywa na lenzi unaichoma papo hapo na jicho liko nyuma yake.

Swali: Kaka habari za kazi. Mi natumia darubini ya milimita 80, f/6 (urefu wa fokasi ni mara 6 ya upana wa lenzi), filta ya jua mbele na filta ya kijani ya nanomita 540 kwenye kamera. Kamera ina piseli za maikromita 2.4. Nimeongeza Barlow (lenzi ya kukuza picha) ya mara 3 ili madoa ya jua yaonekane makubwa, lakini picha inachemka tu kama maji jikoni na hata nikiunganisha fremu (picha moja moja za video) inabaki laini. Fokasi nimeicheza mpaka nimechoka. Ninunue ya milimita 150?

Jibu: Nzuri kaka. Hapana, bado usinunue. Hapo una mashtaka matatu, hewa, fokasi na ukuzaji, na umeyachanganya yote pamoja ndo maana huoni mwisho wake.

Tuanze na ukuzaji kwa sababu huo ni hesabu tu. Kwa filta ya 540 chukua ukubwa wa piseli uzidishe kwa 3.7, jibu ndo namba ya f inayokutosha. Ya kwako ni 2.4 mara 3.7, unapata kama f/9. We na Barlow yako uko 6 mara 3, yaani f/18. Yaani umepitiliza mara mbili, na mwanga uleule sasa umesambazwa kwenye piseli mara nne zaidi, kwa hiyo unalazimika kurefusha eksposha au kupandisha gaini (kamera inavyokuza mwanga inaoupata), eksposha ikirefuka hewa inapata muda wa kuvuruga kila fremu. Ukubwa umeupata kweli ila hakuna kitu kipya ndani yake. Toa hiyo Barlow, weka ya mara 1.5, au kama yako inaruhusu isogeze karibu zaidi na senso ya kamera, Barlow nyingi za kawaida zinapunguza ukuzaji ukifupisha umbali huo. Tena kwenye f/6 jua zima linatengeneza picha ya kama milimita 4.5 kwenye senso, linaenea vizuri kwenye kamera nyingi, anza na hilo.

Ujue pia mwisho wa darubini yako uko wapi. Milimita 80 kwenye mwanga huo inatenganisha kama sekunde za tao 1.7 (sekunde ya tao ni pembe, 1/3600 ya digrii). Vile vipunje vinavyofunika uso wote wa jua kila kimoja kina upana wa kama kilomita 1,000, ambayo kutoka huku tuliko ni kama sekunde 1.4. Kwa hiyo siku nzuri utaviona kama uso una chengachenga, hutaviona kimoja kimoja kwa umbo lake, hiyo siyo hitilafu usije ukahangaika kuirekebisha.

Sasa hewa. Weka kamera ionyeshe ukingo wa jua na doa moja lililo karibu na ukingo, eksposha chini ya milisekunde 5, halafu kaa utazame bila kugusa chochote kwa dakika moja nzima. Kama ukingo unapitiwa na mawimbi na lile doa linakuja kali sekunde moja, linapotea, linarudi tena, basi fokasi yako iko sawa au karibu sawa, inayokusumbua ni hewa. Kama ulaini wa picha uko palepale, hauji hauendi, ukingo umetulia lakini doa halina makali wakati wowote, hapo ni fokasi au lenzi. Jaribio hili halina gharama na linakata ubishi mwingi sana.

Kuna jaribio lingine nalipenda zaidi. Kata kadibodi yenye tundu la duara la milimita 50, iweke mbele ya filta, filta ikiwa palepale usiitoe, rekodi, halafu toa kadibodi urekodi tena. Eksposha itabidi uiongeze ukiwa na kadibodi, hilo halina shida. Ukiona picha ya 50 iko sawa na ya 80, au iko bora kuliko ya 80, basi siku hiyo hewa haikuruhusu hata kutumia darubini uliyonayo, sembuse ya 150. Mchana ndo ilivyo, ardhi ikishapata moto hewa ya karibu na chini inapanda kwa mafungu mafungu na kila fungu linapindisha mwanga kivyake, na darubini kubwa inakusanya mafungu mengi zaidi kwa mkupuo.

Dawa ni muda na mahali. Piga asubuhi, jua likishapanda kiasi cha kutosha kutoka kwenye hewa nzito ya upeo wa macho lakini kabla ardhi haijachemka, yaani kama saa mbili hadi saa nne hivi. Kaa kwenye nyasi, kimbia zege, lami na paa la bati, na angalia usilenge juu ya paa la mtu. Maji yanasaidia sana, kituo cha Big Bear huko California kilijengwa ndani ya ziwa kwa sababu hiyohiyo, maji hayapati moto haraka kama nchi kavu, hewa ya juu yake inatulia. Darubini yenyewe ifunike kitambaa cheupe bomba lisipate joto, na we mwenyewe usisimame mbele chini ya njia ya mwanga, joto la mwili linapanda.

Fokasi iache ya mwisho. Usifokasi kwa ukingo, ukingo unadanganya, tumia mpaka kati ya sehemu nyeusi ya doa na ile ya kijivu inayoizunguka, kuna vijinyuzi vyembamba pale, vikionekana umefika. Kama macho yanakuchanganya fanya hivi: rekodi video ya sekunde 10, sogeza fokasa (sehemu ya kurekebishia fokasi) kidogo sana, rekodi nyingine, sogeza tena upande uleule, mpaka uhakikishe umepita pazuri umeanza kuharibu. Halafu fungua zote, toa fremu bora ya kila video uziweke pembeni kwa pembeni. Kioo cha kompyuta ndani ya kivuli ni muhimu mno kwenye kazi hii, tafuta boksi kubwa ulipake rangi nyeusi ndani, ingiza kompyuta humo, ujifunike na kitambaa cheusi. Watu wengi wanafokasi kwa kukisia tu kwa sababu kioo chao kinang'aa hawaoni kitu. Na rudia fokasi kila baada ya muda, bomba likipata joto fokasi inahama.

Ukishamaliza hayo rekodi fremu 1,000 hivi, programu kama AutoStakkert izipange kwa ubora uchukue asilimia 10 ya juu, usichukue nusu, ukichukua nusu unachanganya nzuri na mbovu. Na usirekodi dakika tano mfululizo, jua lenyewe linabadilika.

Swali: Nimepata darubini ya haidrojeni alfa (inapitisha mwanga mwekundu mmoja tu wa gesi ya haidrojeni) ya milimita 60, ya kuinamisha etaloni kwa gurudumu. Upande mmoja wa jua naona nyuzi nyeusi na ndimi za gesi vizuri, upande wa pili uko mtupu kama sahani. Nimeuziwa mbovu? Na nitajuaje gurudumu liko mahali pake?

Jibu: Sidhani kama ni mbovu. Etaloni ni vioo viwili vilivyokaribiana sana vinavyotazamana, vinachagua kipande chembamba mno cha mwanga, kwa darubini za aina yako kama nanomita 0.07 hivi, kwenye mstari wa haidrojeni wa nanomita 656.28. Mwanga ukipita kwa pembe, kile kipande kinahama kwenda upande wa bluu. Na ukiinamisha etaloni pembe haiwezi kuwa sawa sehemu zote za picha, kwa hiyo kuna eneo liko kwenye mstari kamili na eneo limehama kidogo, na sehemu iliyohama inakuonyesha uso wa chini wa jua, mtupu kama unavyosema.

Jambo la kufanya ni kulijua eneo zuri liko wapi kwenye kamera yako. Tafuta uzi mmoja mweusi unaoonekana vizuri, uweke katikati, usiguse gurudumu, halafu kwa kutumia maunti tu (kile kinachobeba na kuzungusha darubini) usogeze uende kona ya kwanza, ya pili, mpaka zote nne, kila mahali piga picha moja. Utaona mahali unapokolea na mahali unapofifia. Chora kwenye karatasi. Kama eneo zuri linatosha jua zima basi lete jua pale, kama halitoshi piga vipande vipande kila kipande kikipita eneo lile uje uunge baadaye.

Kujua gurudumu liko sawa watu wengi wanatumia macho tu, mi nakushauri utumie histogramu, ile grafu ya mwangaza kwenye programu ya kamera. Funga eksposha na gaini zisibadilike, weka katikati ya jua kwenye eneo zuri, mahali pasipo na doa wala mabaka meupe, zungusha gurudumu kidogo kidogo ukisoma mwangaza. Mstari wa haidrojeni ni mstari mweusi kwenye mwanga wa jua, kwa hiyo ukiukaribia mwangaza UNASHUKA, unafika chini kabisa, ukipita unaanza kupanda tena. Pale chini ndo katikati ya mstari. Kwa macho nako utaona dalili: ukiwa nje unaona madoa na ukingo mkali uliozungukwa na utepe hafifu, ukiingia nyuzi zinajaa na ukingo unaota manyoya mafupi. Pita mbele kisha urudi, usisimame pale unapoona pazuri mara ya kwanza.

Halafu usije ukadhani katikati ya mstari ndo sawa kwa kila kitu. Gesi inayorushwa kuja kwetu kwa kilomita 50 kwa sekunde inahamisha mstari kama nanomita 0.11, ambayo imeshatoka nje ya filta yako kabisa. Mlipuko ukitokea unaweza kuona uzi umepotea kumbe uko pale pale, inamisha kidogo kwenda bluu utaukuta. Mi hicho ndo kinachonifanya nipende darubini hizi kuliko zote, kwa kidole chako unaona kitu kinakuja au kinakwenda.

Filta ndogo iliyo nyuma karibu na lenzi ya jicho usiitoe wala kuibadilisha na ya kubahatisha, bila hiyo darubini siyo salama.

Swali: Kwenye haidrojeni alfa kamera yangu inaonyesha mistari ya kupinda, myeusi na myeupe, picha nzima. Pia kuna viduara vya kijivu haviondoki. Nisafishe senso?

Jibu: Usikimbilie kusafisha, hivyo ni vitu viwili tofauti. Mistari ni pete za Newton, mwanga wa rangi moja safi unagonga uso wa senso na kioo kinachoifunika, unarudi na kugongana wenyewe kwa wenyewe. Dawa ni kuinamisha kamera kidogo, vipo vipande vya kuunganishia vyenye skrubu tatu kwa kazi hiyo. Legeza skrubu moja huku unatazama kioo, mistari itakaribiana, itakuwa myembamba, mwisho itapotea. Simama hapohapo, ukizidisha upande mmoja wa picha unatoka kwenye fokasi.

Viduara ni vumbi. Zungusha kamera ndani ya fokasa ukitazama. Kiduara kikibaki palepale kwenye kioo cha kompyuta basi vumbi liko kwenye kamera, pengine kwenye kile kioo cha mbele ya senso, unaweza kulipuliza. Kikihama basi liko mbele zaidi, kwenye filta au Barlow, kamera haina kosa. Yaliyobaki yatolewe na fremu za flati (picha za mwanga mtupu za kuondolea vivuli vya vumbi): vika mdomo wa darubini mfuko mwepesi wa plastiki unaopitisha mwanga, juu ya filta kama filta yako inakaa mbele, lenga katikati ya jua, usiguse fokasi wala gurudumu la etaloni, rekodi fremu mia hivi. Hakikisha hakuna doa la jua linaloonekana kwenye hiyo flati, manake litakuachia kivuli chake kwenye picha zote.

Swali: Kamera yangu ni ya rangi, si ya nyeusi na nyeupe. Inafaa?

Jibu: Kwa filta ya karatasi inafaa kabisa. Kwa haidrojeni alfa piseli nyekundu tu ndo zinapata mwanga, moja kati ya nne, kwa hiyo unapoteza undani. Itumie huku unakusanya hela, chukua rangi nyekundu peke yake kwenye programu, kijani na bluu zitupe, zimejaa chengachenga tu.

Swali: Mchana hakuna nyota, maunti naielekezaje? Jua linanitoroka kila dakika mbili.

Jibu: Pima usawa wa tripodi kwanza, weka latitudo ya mahali ulipo, halafu dira ya simu kwa ajili ya kaskazini, ila simu iwe mbali na chuma cha maunti na iwekwe isome kaskazini ya kweli siyo ya sumaku. Kasi ya kufuatilia ibadilishe iwe ya jua. Kulilenga jua tumia kivuli cha bomba chini, kikiwa kidogo kuliko vyote umefika. Baada ya hapo weka doa katikati uliache dakika kumi. Asubuhi jua likiwa mashariki, doa likihama kaskazini au kusini rekebisha mwinuko wa maunti, jua likiwa katikati ya anga rekebisha mwelekeo wa kushoto na kulia. Ukishapata weka alama za rangi chini kwenye miguu mitatu ya tripodi, kesho unaiweka palepale.